Mtoto Mgongoni Kwenye Mlima wa Chai

Fereej Bin Mahmoud, Doha
Ijumaa, baada ya swala

Kwako dada yangu mpenzi Shani,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii uisome umekaa, tena mlango ukiwa umerudishwa. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa mikono inababuka kwa sabuni ya kazini, na hilo si la kukutia wasiwasi. Wewe je? Mgongo umeacha kukusumbua, au bado unajifunga kitambaa kwa nguvu ndipo uweze kuinama shambani? Na shemeji Juma, kile kikohozi kilimwisha? Mwambie asiache sweta asubuhi, ukungu wa huko kwetu haumwonei mtu huruma. Nasikia mbuzi amezaa mapacha. Hongereni.

Na Tatu hajambo? Nimeuliza kwa kifupi, lakini wewe mwenyewe unajua kuwa hilo ndilo swali langu lote.

Barua nimempa Philipo, kijana wa Soni anayelinda jengo moja hapa West Bay, anakuja likizo. Nimemwapisha aifikishe kwako kabla hata hajafika kwa mama yake. Nimeifunga kwa gundi na juu nikapitisha selotepu, maana Philipo ni mwema lakini anapenda habari za watu. Selotepu ikiwa imeinuka pembeni, ujue ameisoma, na umwambie nilikwambia.

Utajiuliza kwa nini niandike wakati simu zipo. Dada, tangu siku ile uliponikatia, ujumbe wangu unafika lakini hujibu, na sikulaumu. Nikikutumia sauti utaisikiliza uwani, na uwani kwako kuna masikio mengi kuliko kuku. Tena nilitaka mahali ambapo huwezi kunikatiza na mimi siwezi kupandisha sauti.

Siku ile Tatu alisogea kwenye kioo cha simu, akanitazama, halafu akakuuliza wewe, siyo mimi: mama, huyu ni nani? Nawe ukacheka, ukasema huyu ni mama wa Doha. Mama wa Doha! Kama vile mtu anavyosema mchele wa Kyela. Ndipo nikasema lile neno la kwamba kama unataka mtoto kazae wako. Nimelijutia hata kabla hujakata. Lakini nikuambie ukweli, halikutoka siku ile tu. Lilikuwa limekaa ndani muda mrefu. Nilimwacha Tatu akiwa ndiyo kwanza ameacha ziwa, na kila alipokua kidogo nilikuona umesimama nyuma yake. Nikasema moyoni, dada hajajaaliwa, sasa ameamua kujaaliwa na wangu. Ukisema mtandao mbaya, nilishuku umeuzima. Ukisema amelala, nilishuku umemlaza. Nilikuwa hivyo.

Sasa nikupe habari yenyewe. Nimetoka China. Usiseme Riziki ameanza, muulize Philipo, ameona picha.

Unamkumbuka Madamu Lan niliyekusimulia, yule mwenye nyumba ya chai ndani ya hoteli. Wageni wanakaa mbele kwenye zulia, wanamiminiwa chai kwenye vikombe vidogo kama vya watoto kuchezea, na mimi nipo nyuma kwenye sinki navisugua. Mbele siruhusiwi hata kupita na ndoo. Basi siku chache baada ya Idi akaja jikoni, akasimama karibu yangu, akaniuliza kama ni kweli nimezaliwa kwenye chai. Nikamwambia ndiyo, kwetu mtoto anajua jani kabla hajajua herufi. Akauliza kama ni kweli nina mtoto. Nikasema ndiyo. Akauliza anakaa na nani. Nikasema na dada yangu. Akatazama maji yanavyozunguka kwenye tundu la sinki, kisha akasema kijijini kwao ni msimu wa kuchuma na anataka nifuatane naye.

Dada, pale kuna Wafilipino wanaomimina chai mpaka watu wanawapiga picha. Kuna Mnepali aliyekaa naye tangu anafungua duka. Kwa nini muosha vikombe? Na kwa nini aulize habari za mtoto? Usiku ule sikulala vizuri.

Mwenzangu wa chumbani ni Shiru, Mkenya wa Murang'a, naye analinda mlango huko huko West Bay. Nilipomweleza aliweka kijiko chini. Akaniambia, Riz, hiyo story haishiki kabisa, boss gani anapeleka mtu wa vyombo China akaone majani? Akasema anajua msichana aliyeambiwa anaenda na familia ya boss likizo, na mpaka leo simu yake haiingii. Nikamwambia Madamu ni mpole. Akasema wapole ndio wabaya, wakali unawaona wakikuja. Akanifundisha nipige picha kila mlango nitakaoingia nimtumie. Halafu akashika mkono wangu akaniandikia namba ya ubalozi wetu kwa kalamu. Nikamwambia itafutika nikioga. Akasema basi usioge.

Pasipoti Madamu alikuwa ameichukua kwa ajili ya visa, na visa ilipotoka hakunirudishia. Akasema atakaa nayo ili isipotee. Na mimi nitakataaje, ndiye anayenilipa. Nikaenda.

Tulifika milimani mchana, baada ya ndege na treni na gari. Nilipoteremka nilitaka kulia, maana ilikuwa harufu ya kwetu. Lile jani mbichi likishavunjwa, unajua. Milima ni kama yetu, ila imechanwa kwa kitana, mstari chini ya mstari mpaka bondeni, na ukungu umekaa juu yake kama mtu asiye na haraka.

Kijiji chenyewe kina sifa mbili. Ya kwanza ni chai. Ya pili ni kwamba zamani, bibi zetu hawajaolewa bado, wanajeshi wa mapinduzi walijificha kwenye ile milima, wakalishwa na kulazwa na wachuma chai. Kwa hiyo nusu ya wageni wanakuja kunywa na nusu wanakuja kukumbuka. Kuna nyumba ya udongo aliyolala mkubwa wao, imezungushiwa kamba. Ndani mna kitanda cha mbao, taa ya mafuta, viatu vilivyosukwa kwa majani makavu na kofia yenye nyota nyekundu. Maneno waliyoandika ukutani yamewekewa kioo mvua isiyaguse. Nje kuna kibanda cha kukodi sare za kijivu. Wanawake wa mjini wenye miwani ya jua wanavaa sare, wanajifunga mikanda, wanapigwa picha na bunduki ya mbao, halafu wanairudisha na kwenda kununua chai.

Madamu akanivisha na mimi. Dada, watu waliacha bunduki wakanizunguka mimi. Mzee mmoja alinishika mkono akaugeuza, akatazama kiganja, akaongea na Madamu maneno marefu sana, na Madamu akajibu akicheka. Nikamuuliza amesema nini. Akasema, anakusalimu. Maneno yote yale, anakusalimu! Nikaingia chooni nimtumie Shiru picha ya mlango, nikakuta WhatsApp imekufa. Haifunguki. Baadaye niliambiwa huko kwao haifanyi kazi kwa mtu yeyote, lakini saa ile nilijua moja tu, kwamba wameniziba.

Kwao Madamu kuna mama yake, bibi mfupi mwenye mgongo kama wako, na wajomba wawili, na mtoto wa kiume ambaye ndiyo kwanza anaanza shule, anaitwa Bao. Tulipoingia Madamu alimkabidhi gari la kuchezea kubwa kama beseni. Yule mtoto alilipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kama anavyomshukuru daktari, akaenda kusimama nyuma ya bibi. Nikamuuliza Madamu ni mtoto wa nani. Akasema, wangu. Alitabasamu kwa mdomo tu.

Sikumhurumia. Nilimshuku zaidi. Miaka yote ile ninamwoshea vikombe, hakuwahi kutaja kwamba ana mtoto.

Baada ya chakula wajomba walikaa kwenye meza ya chai, na Madamu akanipa birika nimimine. Mimi, niliyekatazwa kupita mbele na ndoo. Nikammiminia mjomba wa kwanza. Akagonga meza kwa vidole viwili, tap tap, huku anazungumza, wala hakunitazama. Nikammiminia wa pili. Naye tap tap tap. Wa kwanza akaongea, akanyoosha kidole kwangu, halafu mlangoni. Nikamwongezea, akagonga tena. Dada, umewahi kuona mnada wa ng'ombe wale wazee wanavyopatana bila kutaja bei? Ndicho nilichokiona. Huyu anapanda, huyu anapanda, na ng'ombe ndiye anayewamiminia chai.

Niliweka birika chini. Nikamwambia Madamu kwa Kiingereza changu hiki, mbele ya wote, kwamba mimi siuzwi, nina mtoto nyumbani, na namba ya ubalozi ninayo. Nikawaonyesha mkono. Namba yenyewe ilishafutika, imebaki alama ya buluu kama nimejigonga.

Madamu akatafsiri polepole. Mjomba mmoja akacheka mpaka chai ikamwingia puani, mwingine akampiga mgongoni huku naye amelowa machozi. Bibi peke yake ndiye hakucheka. Alichukua simu yake, akaisemesha, na ile simu ikaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtangazaji aliyekosa usingizi, kwamba kwao mtu akikumiminia, vidole vyako vinampigia magoti mezani kumshukuru, ili mazungumzo yasikatike. Na mlangoni mjomba alikuwa anaeleza tu kwamba mvua inakuja, nisiende mbali. Toka hapo wale wajomba kila wakiniona wananigongea ukuta, tap tap, na kuuliza leo nimefika bei gani.

Nikaona aibu. Lakini wasiwasi haukuisha, ulihama tu. Kama sijaletwa kuuzwa, nimeletwa kufanya nini?

Kesho yake bibi alinichukua mlimani. Nilidhani hapo nitang'ara. Nikachuma majani mawili na chipukizi, haraka haraka, nikayashindilia kwenye kikapu kama sisi tunavyoshindilia ya kupeleka kituo cha kuuzia yaonekane mengi. Bibi alipoona alipiga kelele kama nimekanyaga kifaranga. Akayamwaga yote chini, akanionyesha yalivyoanza kupata joto na kuwa mekundu pembeni. Kwao jani linalazwa, halishindiliwi. Bao alikuwepo, akaona nilivyofokewa, na nadhani ndipo aliponipenda, maana na yeye hufokewa.

Basi akawa hanitoki. Alichukua simu ya bibi akaisemesha, simu ikaniuliza kama kwetu kuna theluji, kama kuna simba, na kama ni kweli huwa nawabeba watoto mgongoni, maana bibi yake alimbeba hivyo lakini siku hizi anasema yeye ni mzito. Nikavua khanga nikamfunga. Jitu zima la kwenda shule! Miguu yake ilinifika magotini. Hatukufika mbali, nikasikia kichwa kimelala kwenye bega langu, na ile pumzi ya mtoto aliyesinzia ikanipiga shingoni. Dada, sijabeba mtoto tangu niondoke. Nilizunguka mistari ile ya chai nikijifanya natafuta chipukizi.

Nilipoinua macho, Madamu alikuwa ameshika simu, anatupiga picha ya video. Alifurahi kupita kiasi. Siyo furaha ya mama anayemwona mwanawe anacheza. Ni ile ya mtu anayeona kitu alichonunua kinafanya kazi. Akaniuliza kama naweza kutembea naye hivyo mbali kidogo, tuseme mpaka barabarani. Akauliza kama nadhani Bao atakubali kwenda na mimi popote. Nikamjibu kwa ulimi, lakini moyoni nikasema, hapa sasa ndipo penye kazi niliyoletewa.

Siku ya kuondoka, bibi alipokwisha kupanda mlimani, Madamu aliniita nyuma ya nyumba akaniambia yote. Gari lipo kwenye maegesho ya ile nyumba ya makumbusho. Nguo za Bao zimo ndani, tiketi yake ipo. Kazi yangu ni kumfunga mgongoni, nimwambie tunakwenda kupiga picha na sare, nitembee naye mpaka garini. Akasema kwangu mimi hatashtuka. Akasema atalia mpaka uwanja wa ndege, labda na ndani ya ndege, kisha atasahau, watoto wanasahau. Na Doha nitaacha sinki, nitakaa naye nyumbani, kwa kuwa mimi ni mama na najua maumivu ya kumwacha mtoto. Alisema hivyo huku ananishika mikono, na machozi yalikuwa ya kweli. Nilimuuliza kama bibi anajua. Akasema akijua hatakubali, atamwambia mtoto maneno. Yule mama amemgeuza mwanangu, akasema. Nikipiga simu ananiambia amelala.

Dada Shani, nilihisi kama mtu amenivua nguo. Maneno yale yalikuwa yangu. Hata lile la amelala.

Pasipoti yangu ilikuwa kwenye mkoba wake, na mkoba ulikuwa begani kwake. Nikaingia ndani, nikamfunga Bao na khanga, akacheka, akanishika masikio kama usukani wa pikipiki. Madamu akatangulia garini. Tulipofika kwenye njia panda nikasimama. Kushoto ndiyo maegesho. Nikapinda kulia, nikaanza kupanda.

Usidhani nilikuwa shujaa. Niliogopa sana. Nilikuwa nawaza nimefukuzwa, nimeachwa huku, Shiru atasema si nilikwambia. Lakini miguu ilipanda. Nilimkuta bibi katikati ya mstari wake. Alimwona mtoto mgongoni, akaniona mimi ninavyohema, halafu akamwona Madamu anakuja chini yetu na viatu vyake vya mjini, anateleza, ameshika koti dogo la Bao lenye zipu. Bibi alilitazama lile koti. Hakuna aliyemwambia kitu. Alijua.

Nilingoja apige kelele, yeye aliyenipigia mimi kelele kwa majani. Hakupiga. Alivua kikapu chake mwenyewe, akamvalisha binti yake, akamfunga kamba kiunoni taratibu kama anamtayarisha kwenda shule. Ndipo akaanza kusema. Simu ilinieleza nusu, na nusu Madamu alinitafsiria mwenyewe huku analia, na mara hii hakufupisha.

Alisema wale wanajeshi walipoondoka milimani, wanawake waliokuwa pamoja nao hawakuweza kwenda na vichanga. Waliwaacha kwa wachuma chai. Vita vilipokwisha wapo waliorudi. Na pale kijijini aliyerudi hakuruhusiwa kuingia ndani na kumchukua mtoto. Alipewa kikapu, akachuma mstari mmoja na mlezi, msimu mzima, mtoto akiwaona wote wawili wanainama na kuinuka. Hakuna aliyemwambia huyu ni mama yako msalimie. Siku mtoto akimpelekea maji kwa kupenda kwake, bila kutumwa, jioni yake mlezi alikunja nguo za mtoto. Bibi akasema, bibi yangu alilea mmoja. Mama yake alichuma misimu miwili. Wewe umechuma siku ngapi?

Madamu alichuma. Alichuma vibaya kuliko mimi, kucha zake ndefu zinakata jani. Bao alimtazama kutoka mgongoni kwangu, kisha akaomba ashuke, akaenda kucheza na fimbo. Hakumpelekea maji. Ndege tuliikuta karibu inafungwa, na kiti cha Bao kikaenda kitupu kati yetu.

Uwanja wa ndege wa Doha Madamu alinipa pasipoti yangu kabla sijaomba. Nipo bado kwenye sinki. Kila asubuhi ananisalimia vizuri mno, na Shiru anasema nisizoee. Lakini juzi nilimsikia anamwambia Mnepali kwamba msimu ujao wa kuchuma ukianza hatakuwepo, duka atamwachia yeye. Nami nikaendelea kusugua.

Sasa Dada, kaa vizuri. Utajiuliza kwa nini miguu yangu ilipinda kulia. Siyo wema. Ni kwamba nililijua lile gari. Nilikuwa nimeliagiza mwenyewe.

Baada ya wewe kunikatia simu nilimpigia Mama Twaha, Korogwe. Ndiyo, mama yake yule baba Tatu aliyeniacha. Tulipanga kwamba siku ya gulio la mwisho wa mwezi, wewe ukiwa umepeleka majani kituoni na shemeji yupo sokoni, atakuja kwa bodaboda, amkute Tatu na watoto wa jirani, amwambie anampeleka kununua viatu. Asirudi naye. Yeye aliniahidi kwamba kila jioni atamweka mbele ya simu na kumwambia huyu ndiye mama yako, hakuna mwingine. Nami nilimweleza kila kitu. Kwamba Tatu anapenda ubuyu. Kwamba akibembelezwa kwa wimbo wa bibi yetu anatulia. Dada, nilimpa mtu wimbo wa bibi yetu ili amwibe mtoto kwako.

Nilivyorudi nimempigia, nikamwambia basi, asije. Hakukubali. Amesema mjukuu ni wake, godoro ameshanunua, na mimi ni mtu wa kugeuka geuka. Akakata. Nikampigia shemeji Juma nimweleze, nikashindwa, nikaishia kuuliza habari za mbuzi. Nikamwambia siku za gulio Tatu asibaki peke yake kwa sababu nimesikia kuna mbwa wenye kichaa. Hakuna mbwa. Mwambie ukweli, na mwombe radhi kwa niaba yangu.

Kwa hiyo Mama Twaha akija, usimpe mtoto. Akikuonyesha ujumbe nilioandika mimi, usimpe, ujumbe ni wangu kweli na usimpe. Hata mimi mwenyewe nikipiga nikilia, nikasema mpe, usimpe. Siku ya gulio nenda naye kituoni, hata kama mgongo unauma, hata kama utapeleka majani nusu.

Likizo yangu inaangukia mvua za vuli, majani yanapochipua upya. Nitafikia kwako, siyo Korogwe, kama utanipokea. Unitafutie kikapu, sitashindilia. Nitachukua mstari wa pembeni yako mpaka likizo iishe, na isipotosha nitarudi likizo nyingine. Usimfundishe Tatu kunisalimia. Wala usimwambie kwamba mama yake anakuja. Mwambie mdogo wako anakuja. Huo hautakuwa uongo, na zaidi ya hapo tumwachie yeye.

Msalimie shemeji, wasalimie majirani, na mapacha wa mbuzi uwapige picha. Tatu mbusu kwenye paji la uso, usimwambie busu limetoka wapi. Kama umenisamehe nijibu, hata kama ni neno moja. Kama bado, usijibu, nitakuja hivyo hivyo nipige hodi mchana, watu wote wakiniona.

Mimi mdogo wako,
Riziki